Chemba ya biashara au vyama vya wafanyakazi: ufuate kadi ya nani kwenye hoja za kura California?

Novemba 2024 mpiga kura wa California aliletewa hoja kumi za jimbo zima aziamue kwa ndiyo au hapana, mbali na rais, seneta, wabunge na hoja za kaunti na jiji lake. Kwa majuma kadhaa kabla ya hapo sanduku lake la barua lilijaa kadi zinazong'aa. Hii inasema chemba ya biashara imekataa, ile inasema walimu wamekubali, nyingine ina picha ya muuguzi anayetabasamu na maandishi madogo chini ambayo hayasomeki bila miwani.

Ulinganisho huu ni wa Mswahili aliyekwisha kuapa uraia wa Marekani na anataka kujua kadi ipi imsaidie. Mwenye kadi ya kijani asijaribu: kura hizi si zake bado, na kujiandikisha kimakosa kunaweza kumharibia ombi lake la uraia.

Nimechagua pande mbili zinazosikika kuliko nyingine. Upande mmoja ni Chemba ya Biashara ya California, CalChamber, ambayo msimamo wake huamuliwa na bodi ya wakuu wa kampuni. Upande wa pili ni California Labor Federation (siku hizi California Federation of Labor Unions), shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, hilo halina mjadala. Ninachotaka kukuonyesha ni lini kuvutia huko kunakupa habari usiyokuwa nayo, na lini ni kelele tu.

Kwanza, hoja hizi zimetoka wapi. Mkenya anakumbuka kura ya katiba ya 2005, ndizi na chungwa, na ile ya 2010, kijani na nyekundu: katiba nzima, swali moja, basi. California ni tofauti. Tangu 1911, wakati wa gavana Hiram Johnson, raia wanaweza kukusanya saini na kupeleka sheria moja kwa moja kwa wapiga kura bila kupitia bunge. Nia ilikuwa kuivunja nguvu kampuni ya reli ya Southern Pacific, iliyokuwa imelishika jimbo mkononi. Kwa uchaguzi wa 2024 sheria ya kawaida ilihitaji saini 546,651, na badiliko la katiba ya jimbo 874,641. Kukusanya saini kwa kiasi hicho ni biashara ya mamilioni ya dola, kwa hiyo njia iliyofunguliwa ili kuzipiga kampuni kubwa leo inapitika kwa urahisi zaidi na kampuni kubwa zenyewe. Watu huita kila hoja Prop na namba yake, nami nitafanya hivyo.

| Hoja | Ingefanya nini | Chemba | Shirikisho | Matokeo |
|---|---|---|---|---|
| Prop 6, 2018 | Kufuta ongezeko la kodi ya petroli | Hapana | Hapana | Ilishindwa, hapana 57% |
| Prop 15, 2020 | Kupandisha kodi ya majengo ya biashara | Hapana | Ndiyo | Ilishindwa, hapana 52% |
| Prop 22, 2020 | Madereva wa programu kama Uber wasiwe waajiriwa | Ndiyo | Hapana | Ilipita, ndiyo 59% |
| Prop 32, 2024 | Kima cha chini dola 18 kwa saa | Hapana | Ndiyo | Ilishindwa, hapana 50.7% |

Ukiitazama haraka utasema chemba inashinda daima. Usifike huko: hizi nimezichagua mimi kwa sababu zinafundisha, na zipo nyingine nyingi ambazo biashara ilipigwa mweleka. Tazama zaidi mistari mitatu ya chini, ambako pande mbili zinapingana kama ulivyotarajia, kisha mstari wa kwanza, ambako zinakubaliana.

Prop 15: kadi zote mbili zilimruka mwenye saluni

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu inawagusa wenzetu wengi wenye saluni, duka la vyakula vya nyumbani au mgahawa.

Tangu Prop 13 ya 1978, kodi ya majengo California imefungwa: asilimia 1 ya thamani, na thamani hiyo haipandishwi zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka jengo liuzwe. Jengo lililonunuliwa zamani hulipa kidogo mno kuliko la jirani yake lililonunuliwa juzi. Prop 15 ilitaka kuziacha nyumba za kuishi na mashamba kama zilivyo, lakini majengo ya biashara na viwanda yathaminiwe upya kwa bei ya soko. Mchambuzi wa bajeti wa bunge la jimbo alikadiria kwamba ingeingiza kati ya dola bilioni 6.5 na 11.5 kwa mwaka, asilimia 60 ziende kwa serikali za mitaa na 40 kwa shule.

Kadi ya chemba ilisema: biashara ndogo zitaumia. Kadi ya wafanyakazi ikajibu: hapana, mwenye mali isiyozidi dola milioni 3 amesamehewa. Kauli zote mbili zilikuwa na ukweli ndani yake, na hakuna iliyomjibu mwenye saluni. Msamaha wa milioni 3 unamhusu mwenye jengo. Mwenye saluni hana jengo, ana fremu aliyokodi. Na fremu nyingi za biashara huku hukodishwa kwa mkataba wa triple net, yaani mpangaji analipa pango, na juu yake anabeba kodi ya jengo, bima na matengenezo. Mwenye jengo akiwa tajiri mwenye majengo ya dola milioni 20, msamaha haumhusu, na kodi mpya ingeteremka moja kwa moja mpaka kwenye kiti cha kusukia nywele. Mkataba ukiwa wa pango moja lisilobadilika, mzigo ungebaki kwa mwenye jengo, walau mpaka siku ya kuandika mkataba mpya.

Kwa hiyo mwenye fremu angepata jibu lake kwenye mkataba wake mwenyewe, ukurasa wa nani analipa nini. Na kulikuwa na jambo jingine lililopotea kwenye makelele: hoja hiyohiyo ingefuta kodi ya vifaa vya biashara kwa biashara ndogo zenye waajiriwa wasiozidi 50. Chemba haikuwa na sababu ya kulipigia debe hilo.

Mimi kwa hoja za aina hii naipa kadi ya chemba uzito mdogo. Wanachama wake wenye majengo ya zamani walikuwa na mengi ya kupoteza, na wangesema hapana hata kama biashara ndogo isingeguswa kabisa. Hapana yao ilikuwa imekwisha kuandikwa kabla hoja haijapewa namba.

Prop 22: hesabu ya dereva

Hii nayo ilitugawa, maana nani hana ndugu anayeendesha Uber? Bunge lilipitisha sheria ya AB5 mwaka 2019, iliyowafanya madereva wengi wa programu wahesabike kama waajiriwa. Uber, Lyft, DoorDash, Instacart na Postmates zikaenda kwa wapiga kura na hoja yao zenyewe, na upande wa ndiyo ukatumia zaidi ya dola milioni 200. Wapinzani, wengi wao vyama vya wafanyakazi, walikuwa na takriban sehemu ya kumi ya fedha hizo.

Chemba ilisema dereva atabaki huru kupanga saa zake. Shirikisho lilisema dereva ananyimwa haki za mwajiriwa. Weka maneno yao kando, usome masharti. Prop 22 inamhakikishia dereva asilimia 120 ya kima cha chini cha mshahara pamoja na senti 30 kwa kila maili, kiasi cha mwanzo ambacho hupandishwa kufuata mfumuko wa bei. Yanasikika vizuri, mpaka ufike kwenye maneno yanayosema ni muda upi unahesabiwa: kuanzia dereva anapokubali safari mpaka anapoimaliza. Zile dakika anazokaa kwenye maegesho ya uwanja wa ndege akisubiri simu ilie hazimo. Kuna ruzuku ya bima ya afya pia, lakini nayo inategemea saa hizohizo, na ili uipate kamili zinatakiwa 25 au zaidi kwa wiki. Kwa upande wa pili, kadi ya wafanyakazi haikusema wazi kwamba kampuni iliyo na waajiriwa huwapangia zamu, na si kila dereva anayesoma jioni au kulea watoto alitaka zamu.

Jambo ambalo lingepaswa kuandikwa kwa herufi kubwa kwenye kadi zote mbili ni hili: hoja ilisema bunge haliwezi kuibadilisha isipokuwa kwa kura saba kati ya kila nane. Sheria ya kawaida ikionekana mbaya, bunge linairekebisha mwaka unaofuata. Hii ilifungwa kwa kufuli. Mahakama ya Juu ya California iliibakisha hai Julai 2024. Madereva walipopata njia ya kujiunga na chama, ilikuja kupitia sheria nyingine, AB 1340 iliyosainiwa 2025, iliyowaruhusu kujipanga wakiwa bado si waajiriwa.

Ukiona chemba na kampuni zinazolipia kampeni ziko upande mmoja, fungua maandishi ya hoja yenyewe, utafute sehemu ya marekebisho. Huwa karibu na mwisho, na ndiyo inayokuambia kosa likigundulika litarekebishwa vipi.

Prop 32, kwa ufupi

Kima cha chini kilikuwa dola 16. Waajiri wenye watu 26 au zaidi wangelipa 18 kuanzia Januari 2025, wadogo mwaka mmoja baadaye. Chemba, pamoja na vyama vya migahawa na maduka ya vyakula, ilisema bei zitapanda. Shirikisho lilikubali hoja, ila vyama havikumwaga fedha kuipigania. Wafanyakazi wa migahawa ya vyakula vya haraka walikuwa wamekwisha kupata dola 20 tangu Aprili 2024 kwa njia ya makubaliano, na muasisi wa hoja hii alikuwa mwekezaji mmoja, Joe Sanberg, si chama chochote. Ilianguka kwa chini ya pointi mbili. Kadi inasema ndiyo. Mfuko unasema kwa nguvu kiasi gani. Kwa hiyo usiulize tu nani anaunga mkono, uliza nani ametoa fedha.

Wanapokubaliana, na wanapokaa kimya

Sasa rudi kwenye mstari wa kwanza wa jedwali. Mwaka 2017 bunge lilipitisha SB 1, sheria iliyopandisha kodi ya petroli kwa senti 12 kwa galoni ili kutengeneza barabara na madaraja. Mwaka uliofuata Prop 6 ikaja kuifuta. Ungetegemea chemba ya biashara ishangilie kufutwa kwa kodi. Haikushangilia. Ilisema hapana, bega kwa bega na vyama vya wafanyakazi, kwa sababu malori ya wanachama wake hupita kwenye mashimo yaleyale na vyama vya ujenzi vilitaka kazi ya kuyaziba. Chemba inapotetea kodi, au chama cha wafanyakazi kinapopinga matumizi ya serikali, hapo kuna mtu aliyekaa chini akapiga hesabu. Kadi ya namna hiyo naisoma mpaka mwisho.

Ila msimamo usiotarajiwa si cheti cha usafi. Mwaka 2016 Prop 51 iliomba hati fungani, yaani mkopo wa jimbo, za dola bilioni 9 kujenga na kukarabati shule. Chemba ilisema ndiyo, na muungano wa wajenzi wa nyumba ukatoa fedha nyingi za kampeni. Gavana Jerry Brown, ambaye hakuwa adui wa shule, aliipinga. Wajenzi wana haja gani na madarasa? Sheria inaziruhusu wilaya za shule, hazina ya jimbo ikiishiwa fedha za ujenzi, kuwatoza wajenzi wa nyumba mpya ada kubwa zaidi. Hati fungani zikipita, deni linalipwa na walipa kodi wote na ada ile haipandi. Hoja ilipita. Huenda ilikuwa nzuri vilevile. Shule zilihitaji paa. Lakini sababu iliyowafanya wajenzi waitake haikuandikwa kwenye kadi.

Kimya nacho kina maana. Mwaka 2012 Jerry Brown alipeleka Prop 30, ya kuwaongezea kodi ya mapato watu wa kipato cha zaidi ya dola 250,000 na kuongeza robo ya asilimia kwenye kodi ya mauzo. Kulikuwa na hoja shindani ya kodi, Prop 38. Chemba iliipinga Prop 38, lakini kwenye Prop 30 haikuchukua upande. Chemba ya Los Angeles ilikwenda mbali zaidi ikaiunga mkono, ilhali vyama vya biashara ndogo vilikuwa vikiipinga. Basi anayekuambia "wafanyabiashara wamesema" mwulize: wafanyabiashara wepi? Wenye viwanda, wenye majengo, au mama mwenye mgahawa wa meza sita? Prop 30 ilipita kwa asilimia 55. Chama kinachozoea kupiga kelele dhidi ya kodi kikifunga mdomo, kinakuambia kwamba kimeona mbadala mbaya zaidi.

Zile zinazotoweka

Baadhi ya hoja hutangazwa kwa kishindo halafu haziji. Tangu 2014 wenye hoja wanaruhusiwa kuiondoa kabla haijaidhinishwa rasmi, na hapo ndipo biashara hufanyika: mkono mtupu haulambwi. Mwaka 2018 kampuni za soda ziliondoa hoja ambayo ingebana uwezo wa miji kutoza kodi, na bunge likapitisha marufuku ya kodi mpya za soda za mijini mpaka mwisho wa 2030. Juni 2024 chemba na shirikisho lenyewe la wafanyakazi walipatana na gavana Gavin Newsom juu ya sheria ya PAGA, inayomwezesha mfanyakazi kumshtaki mwajiri kwa niaba ya jimbo. Hoja ya kuifuta ikaondolewa. Waajiri wakapata unafuu wa faini wakifuata sheria, na fungu la wafanyakazi kwenye faini likapanda kutoka asilimia 25 hadi 35. Kwa hiyo kama umehifadhi kadi ya mwezi wa tano, ihakiki tena mwezi wa tisa.

Jinsi ninavyoshauri uchague

Usianze na kadi yoyote kati ya hizi mbili. Anza na kijitabu rasmi cha mpiga kura kinachotumwa na Katibu wa Jimbo. Kiswahili hakimo katika lugha zake, jambo la kusikitisha, lakini ndani yake kuna uchambuzi wa mchambuzi wa bajeti wa bunge, ambaye hana upande, na anaeleza kwa maneno ya kawaida ndiyo itafanya nini na hapana itafanya nini. Soma hapo kwanza, hasa ikiwa hoja inahusu sheria iliyokwisha kupitishwa na bunge. Mwaka 2022 kwenye Prop 31, ndiyo ilimaanisha kuibakisha sheria iliyopiga marufuku tumbaku yenye ladha, na aliyetaka kuifuta alipaswa kusema hapana.

Kisha angalia hali yako. Kama wewe ni mwajiriwa na hoja ni ya mshahara, likizo au usalama kazini, kadi ya shirikisho iko karibu nawe zaidi, ingawa hata hapo uliza kama chama kimeweka fedha au jina tu. Kama una biashara, kadi ya CalChamber ni ya wakubwa kuliko wewe. Itafute ya chemba ya mji wako na uipime na mkataba wako wa pango. Kwa hati fungani za maji, barabara na shule, zilinganishe zote mbili, kisha usome mchambuzi amesema deni litalipwa kwa miaka mingapi. Kwa hoja za pango la nyumba kadi hizi mbili hazitoshi: Prop 10 ya 2018, Prop 21 ya 2020 na Prop 33 ya 2024 zilipigwa debe na AIDS Healthcare Foundation, shirika la huduma za UKIMWI, na kupingwa na wenye nyumba, na mpangaji ni lazima ajue mji wake una kanuni gani tayari.

Na jihadhari na kadi ya tatu, ile yenye orodha ndefu ya majina na hoja pamoja, na kichwa kinachofanana na cha chama cha siasa, polisi au walimu. Itazame kwa karibu. Utaona kinyota kidogo pembeni ya baadhi ya hoja. Sheria ya California inataka kinyota hicho kwa kila mgombea au hoja iliyolipia kuwekwa pale, na maandishi madogo yanasema hivyo waziwazi. Msimamo wa chemba unaujua unatoka wapi. Wa kinyota umetoka kwenye hundi. Nani aliandika hundi kubwa utamwona kwenye daftari la michango la jimbo, Cal-Access, au chini ya tangazo lenyewe, ambako wachangiaji wakuu watatu hutajwa.

Mzazi wako aliyepata uraia na hasomi Kiingereza anaweza kusaidiwa kujaza karatasi yake na mtu anayemchagua yeye. Kifungu cha 208 cha sheria ya Marekani nzima ya haki za kupiga kura, kilichoongezwa 1982, kinamruhusu mtoto, jirani au mtu wa msikitini au kanisani. Wasioruhusiwa ni mwajiri wake au wakala wa mwajiri, na kiongozi au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Karatasi zenyewe hutumwa kwa posta kwa kila mpiga kura aliyejiandikisha, kwa hiyo mnaweza kukaa mezani nyumbani na kijitabu, hoja moja baada ya nyingine, bila foleni nyuma yenu. Hoja ambayo baada ya yote bado haieleweki iacheni wazi. Kura zake nyingine zitahesabiwa kama kawaida.